Daktari wa Tableti na Marehemu Wawili

Mteja mzuri hutambulika kwa namna anavyokibeba kifaa chake. Anayekishika mkononi kama sahani amekwisha kukata tamaa. Anayekitia kwenye mfuko wa plastiki amekuja kubishana bei. Lakini anayekiviringisha kwa kitambaa safi na kukikumbatia kifuani ana mapenzi nacho, na kwa mtu wa kazi ya Daktari, mapenzi ya mteja yalikuwa nusu ya malipo.

Ndiyo maana, alipomwona mama mmoja aliyevaa nyeusi juu mpaka chini akija barazani taratibu, amekumbatia furushi bapa la kitambaa cheupe, Daktari aliweka kikombe chini, akafunga vifungo vya koti lake na kuuvaa uso wa huzuni.

Udaktari alijipa mwenyewe, siku aliyolipata koti jeupe la maabara kwenye rundo la mitumba. Kabla ya hapo alikuwa fundi simu kama mafundi wengine, tena fundi mzuri. Hilo hata adui zake walilikubali. Duka lake lilikuwa chumba chembamba cha vioo, kulia pana duka la viatu, kushoto pana saluni. Ndani mlikuwa na meza, taa ya kuinama, kiti cha mteja, rafu ya tableti zilizong'arishwa, na mwisho wa chumba pazia la kijani. Wateja waliamini kwamba nyuma ya pazia kulikuwa na mitambo. Kulikuwa na stuli.

Mtu mwenye tableti iliyokufa huja na swali moja, awe mwalimu, dereva au mke wa mkubwa: nitengeneze, au ninunue nyingine? Fundi wa kawaida hulijibu swali hilo kwa kuitazama tableti. Daktari alilijibu kwa kumtazama mwenye tableti. Akiona mtu asiyekijali kifaa chake, aliitengeneza kwa haki na kumwacha aende zake. Akiona mtu wa mapenzi, aliingia nayo nyuma ya pazia, akakaa juu ya stuli kwa muda wa heshima, akamaliza chai yake, kisha akatoka akiwa amevua miwani.

"Pole," angesema, na asiongeze neno mpaka mteja akae.

Basi hapo mambo yalijiendea yenyewe. Bodi imeungua. Kuitengeneza kutakula fedha nyingi kuliko kununua nyingine, na hata hivyo haitafika mbali. Kwa bahati, pale rafuni ipo moja nzuri, karibu mpya. Na hii ya zamani? Aiache tu hapa, Daktari ataitupa kwa utaratibu unaofaa. Mteja aliondoka akishukuru. Usiku uleule ile iliyokufa ilikazwa waya mmoja, ikafutwa, ikavishwa kava jipya na kupanda rafuni kumsubiri mfiwa mwingine. Mtaani zilikuwapo tableti zilizokwisha kuzikwa na kufufuka mara kadhaa, kila mara mikononi mwa mtu mwingine, na watu wakastaajabu jinsi vifaa vya siku hizi visivyodumu.

Mpango huo ulikuwa na kanuni moja: kifaa kilichotangazwa kufa kisiwake kamwe mbele ya macho ya mwenyewe. Kila kitu kilisimama juu ya neno "imekufa". Neno hilo likianguka, lingeangukia saluni kwanza.

Maana saluni ile ilikuwa ya msusi, na msusi alikuwa mmoja wa wafiwa. Tableti yake, ambamo alihifadhi picha za mitindo yote aliyowahi kusuka, ilikataa kuchaji. Daktari aliipeleka nyuma ya pazia, akakuta tundu la chaji limejaa vipande vya nywele za bandia, akatoka na ile pole yake. Wakati huo alikuwa hajamtazama msusi vizuri. Msusi akalia kidogo, akanunua nyingine, na kesho yake akamletea chai kumshukuru kwa kumwambia ukweli bila kumzungusha. Chai ile ikawa desturi. Daktari akaanza kuingojea chai, na baada ya muda akagundua kwamba hangojei chai. Alikwisha kuamua kuzungumza naye kabla mwezi haujaisha. Alikwisha kununua na shati.

Tableti ya kwanza ya msusi bado ilikuwa rafuni, ndani ya kava la bluu. Kwa sababu ambayo hakupenda kuichunguza, kila mteja aliyeigusa alimtajia bei ya kumkimbiza.

Mama mwenye nyeusi aliketi, akafungua furushi juu ya mapaja yake. Daktari akaona, na mate yakamjaa. Ilikuwa tableti kubwa, nyembamba, ya aina ambayo yeye aliijua kwa picha tu. Mtaa mzima haukuwa nayo hata moja.

Mama akaeleza kwa sauti iliyokauka, akikatishwa na kwikwi. Tableti hii ilikuwa ya marehemu mume wake. Ndani yake mlikuwa na picha zake, na sauti yake akiimba vibaya jikoni. Imekataa kuwaka. Shemeji yake anasema anunue nyingine, aache kubeba mizigo ya marehemu. Dada yake anasema aitengeneze kwa gharama yoyote. Yeye mwenyewe hajui.

"Niambie wewe, mwanangu. Nitengeneze, au ninunue nyingine?"

Daktari alisema swali hilo ni zito, akaichukua kwa mikono miwili na kupita nayo nyuma ya pazia.

Akaketi juu ya stuli, akamulika tundu la chaji. Limeziba. Ndani yake mlishindiliwa nyuzi za nywele za bandia, rangi ya zambarau. Ugonjwa uleule wa msusi. Kijiti cha meno kingeumaliza kabla maji hayajachemka. Mtu mwenye makini kidogo angejiuliza mjane anayevaa nyeusi amezipata wapi rasta za zambarau, rangi ambayo saluni ya jirani ilikuwa ikiisuka wiki hiyo nzima. Lakini Daktari alikuwa anaitazama bei ya tableti, na bei ilikuwa kubwa mno kuona kitu kingine. Akanywa chai, akavua miwani.

"Pole, mama."

Mama akajifuta macho. Kisha akaomba jambo moja: amwashie hata mara moja tu, amwone mumewe, halafu waiache ipumzike.

"Iliyokufa haiwashwi, mama. Kama ningeweza, ningekuwa nimeiwasha."

"Una hakika?"

"Kazi yangu ni kuwa na hakika."

Basi mama akasema hawezi kuamua peke yake. Atakuja na shemeji yake, na Daktari aseme mwenyewe mbele yake, isije ikaonekana mjane amechezea mali ya marehemu. Akaifunga tableti yake, akaondoka. Daktari alimsindikiza kwa macho kama mtu anayeona sahani ya nyama ikirudishwa jikoni.

Hakulala vizuri. Lakini asubuhi walikuja wote wawili. Shemeji alikuwa pande la mtu, mpole, aliyekuwa akitafuna karanga kutoka mfuko wa shati na kuomba radhi kila alipotafuna. Tangu mwanzo aliegemea upande wa kununua. Kaka yake, alisema, alikuwa bahili wa kutisha. Angekuwa hai angeitengeneza tableti hii kwa gundi na uzi. Ndiyo maana yeye anashauri kinyume chake. Ila kwanza atamke fundi.

Daktari akatamka. Alitamka vizuri, kwa kituo, na msusi aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai alisikia yote, akamwambia mama amsikilize jirani huyu, kwani yeye naye yalimkuta hayohayo na hakudanganywa. Daktari alitazama viatu vyake.

"Umekwisha kusikia, shemeji," yule bwana akasema. "Imekufa. Mashahidi tupo."

Yakaja mazungumzo ya kubadilishana, na hapo upole wa shemeji ukaonyesha meno. Daktari alitaka nyongeza. Shemeji alikubali kwamba bodi imeungua, lakini kioo je? Betri je? Mwili huu wote usio na hata mkwaruzo? Fundi atauza vipuri, sivyo? Daktari, ambaye hakutaka mtu yeyote afikirie sana juu ya mwili ule, akalegeza. Akalegeza tena. Mwishowe wakakubaliana moja kwa moja: maiti kubwa kwa nzima ndogo.

"Basi nichague," mama akasema, akasimama mbele ya rafu. Mkono wake ukapita juu ya tableti zote bila kusita, ukatua kwenye kava la bluu. "Hii."

Daktari alisema ile ina matatizo madogo. Alisema ipo iliyo bora zaidi pale juu. Alisema bluu huchakaa haraka. Msusi alikuwa ameshikilia kikombe tupu mlangoni, akitabasamu, pua yake iko karibu kabisa na mali yake mwenyewe. Na mezani, karibu na kiwiko cha Daktari, ilikuwapo tableti ambayo peke yake ilishinda rafu nzima. Moyo ulisema kitu. Mkono ukafunga kava la bluu kwenye karatasi.

Mama alilia tena alipokuwa akiiaga tableti ya mumewe. Aliibusu. Daktari akampa kitambaa cha karatasi, na ikumbukwe kwa faida yake kwamba hakumtoza.

Walipoondoka alifunga mlango, akageuza kibao upande wa "Tumefunga", akachukua kijiti cha meno. Nywele za zambarau zikatoka kitita kizima. Akachomeka chaji, akangoja, akabonyeza. Ikawaka kwa mwanga mzuri sana. Alicheka peke yake kama mtoto.

Kicheko kilikatika katikati. Mwanga ule ulibeba maandishi: Tableti hii imepotea. Ukiiokota, tafadhali piga namba hii. Zawadi ipo.

Akajaribu kila alichokijua, na alijua mengi. Aliizima na kuiwasha, akaifungua na kuifunga, akamuuliza rafiki yake wa upande wa pili wa mji kwa simu bila kumtajia sababu. Kufuli halikutikisika. Akawaza kuiuza vipuri, lakini kioo chake hakikuingia kwenye tableti nyingine yoyote mjini, na betri yake ilikuwa na umbo la jani. Alikuwa na tableti ya kifahari kuliko zote mtaani, na isingefaa hata kukatia mboga.

Kwa hiyo mjane yule, Daktari aliwaza, mumewe alikuwa mwizi. Wazo hilo lilimuudhi kwa dhati. Watu hawana aibu siku hizi.

Lakini neno "zawadi" liliendelea kung'aa. Mtu mwenye tableti kama hii hawezi kuwa na zawadi ndogo. Akaipiga namba. Ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya ofisini, nyepesi na ya haraka. Alishukuru kwa heshima, akauliza duka liko wapi, akasema atakuja mwenyewe alasiri na zawadi anayostahili mtu mwaminifu. Daktari akachana nywele.

Alasiri mlango ulifunguliwa, akaingia mama aliyevaa gauni la manjano, na nyuma yake pande la mtu akitafuna karanga. Ilichukua muda kidogo kabla Daktari hajaivua ile nguo ya manjano kichwani mwake na kuivisha nyeusi mahali pake.

"Za tangu asubuhi," mama akasema. Kwikwi zilikuwa zimepona.

Daktari akatazama mmoja, akatazama mwingine. Alichoweza kusema ni kwamba huyu ni shemeji yake.

"Huyu ndiye marehemu," mama akasema. "Wewe uliniambia hii imekufa, nayo hiyo inawaka. Mimi nilikwambia huyu amekufa, naye huyo anakula karanga. Nadhani hatudaiani."

Marehemu akaomba radhi, akameza.

Daktari alijikaza, akajaza kifua ndani ya koti jeupe, akasema atawaita polisi. Bwana akasema kwa upole kwamba hilo ni wazo jema. Polisi wakija watakuta tableti ya mkewe, iliyopotea, ikiwa dukani kwa fundi. Watakuta fundi huyohuyo ameitangaza kuwa imekufa mbele ya msusi. Na watataka kujua ni hali gani hiyo ya kufa ambayo huandika namba ya simu. Yeye mwenyewe angependa sana kusikia maelezo hayo. Atakaa.

Akakaa.

Daktari akakirudisha kifua mahali pake. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake, kufuli liliwekwa lini. Mama akamjibu bila kuficha, na kwa kiburi kidogo ambacho alikistahili. Waliliweka kwa simu yao walipofika kwenye duka la viatu, kabla hata Daktari hajageuza kibao. Nywele alizipata sakafuni kwa jirani, siku alipokwenda kusukwa na kumsikiliza msusi akiisimulia tableti yake ya kwanza, jinsi ilivyokuwa, tone la rangi ya kucha lililoingia kwenye kona yake, na jinsi fundi wa pembeni alivyomsikitikia. Simulizi ile ilimtosha. Leo alipofungua kava la bluu, tone hilo alilikuta.

"Na kama ningekuwa mkweli?" Daktari akauliza.

"Ungechokonoa mbele yangu, ingewaka, ningekushukuru na kwenda zangu. Wengi hufanya hivyo, mwanangu. Wanatuharibia siku nzima."

Akanyoosha mkono. Daktari akamkabidhi tableti yake. Mama akaiviringisha kwenye kitambaa cheupe, tayari kwa kufiwa mahali pengine, akasema la bluu watabaki nalo kama ilivyokubaliwa mbele ya mashahidi. Zawadi? Alifikiri kidogo. Zawadi yake ni kwamba wao hawatasema lolote. Marehemu aliacha karanga chache mezani, wakatoka.

Daktari alihesabu hasara yake na kuiona si mbaya sana. Tableti moja imekwenda, lakini neno lake bado limesimama. Waliosikia ukweli ni wezi, na wezi hawana mahali pa kuupeleka. Alikwisha kushika bisibisi na kuanza kupiga mluzi alipowaona kupitia kioo. Mama wa manjano alikuwa amesimama mlangoni pa saluni, anaagana na msusi. Walizungumza kidogo tu, wakacheka.

Punde msusi akaingia. Mkono mmoja chai, mkono mwingine tableti, ile ya pili, aliyouziwa na Daktari mwenyewe.

"Jirani, mbona hukuniambia?" akasema. Alikuwa na furaha. "Yule mama kanionyesha yake, inawaka kabisa. Anasema umeirudia tena ukaiponya kwa kijiti cha meno. Hii yangu tangu juzi haichaji. Nilikuwa najiuliza: nitengeneze, au ninunue nyingine?"

Daktari alilitazama pazia la kijani. Hatua chache tu. Angekaa juu ya stuli, angevua miwani. Lakini msusi alikwisha kukiona kijiti cha meno palepale mezani, akakichukua na kumpa, kama nesi.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu wa mapenzi. Aliiinamisha taa, akachokonoa mbele ya macho ya mwenyewe. Zikatoka nyuzi za zambarau, chache kwanza, kisha kitita. Akachomeka chaji. Ikawaka.

Msusi alipiga makofi. Akasema Daktari ni mtu wa ajabu, akasema hakujua kumbe ni kitu kidogo hivyo, na hapo mikono yake ikasimama ikiwa bado imekutana.

"Jirani," akasema polepole. "Ile ya kwanza nayo ilikataa kuchaji. Nayo ilikaa palepale saluni, kwenye nywele zilezile. Ile uliijaribu kwa kijiti?"

Ulimi wa Daktari ulikuwa umemlisha miaka mingi. Ulikuwa umewaeleza watu wazima kwamba bodi huungua kwa upepo. Aliungoja ulete kitu sasa, chochote, nao ukaleta neno moja ulilolizoea.

"Pole," akasema.

Msusi hakukaa chini kama wateja wengine. Alichukua kikombe cha chai alichomletea, akakipita kiti cha mteja, akaenda mpaka mwisho wa chumba na kulivuta pazia. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akaitazama stuli kwa muda mrefu, kisha akaikalia na kuanza kuinywa ile chai yeye mwenyewe, bila haraka.

"Haya, Daktari," akasema kati ya funda na funda. "Nieleze. Nina muda."